Nusu ya Jennifer

Ijumaa, 15 Januari 2016

Majaribio yamekwisha. Miguu yangu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Itakaa humo mpaka maji yapoe, au mpaka Mfilipino wa chumba cha pili aje kudai beseni lake.

Wamekuja wasichana kumi na mmoja. Ligi yetu ya mpira wa kikapu ina timu nne, zote za wanawake wa Kenya na Uganda tulio hapa Doha. Manesi kama mimi, walinzi, wa hotelini, wa majumbani. Wapya hugawanywa kwa drafti: timu iliyoshika mkia inachagua kwanza, halafu katika mzunguko wa pili inachagua mwisho kabisa. Sisi Korongo ndio tulioshika mkia. Tuliushika kwa mikono miwili. Nafasi zetu ni mbili — mmoja wetu alirudi Kakamega moja kwa moja, mwingine aliolewa na mume hataki kusikia habari za kaptula.

Wa kutazamwa ni watatu tu. Wengine, Mungu awabariki, walikuja kupiga picha.

Chebet. Mlinzi kwenye jumba la maduka. Mrefu! Nilisimama kando yake nikajiona stuli. Shuleni alicheza voliboli. Kikapu hajui hata kudunda — mpira unamkimbia kama kuku aliyesikia ni Krismasi. Lakini akiruka, anakaa huko juu kwanza, anaangalia mtaa, ndipo anashuka.

Jennifer. Mganda wa Jinja, mfanyakazi wa nyumbani kwa familia ya Kiqatari hapo hapo Al Thumama, karibu na shule tunakochezea. Mfupi, kimya, amevaa viatu vya kuazima. Akapewa mpira, akawapita watu wanne kama mtu anayetembea nyumbani kwake stima zikiwa zimepotea. Anajua kila kiti kilipo. Kisha pasi. Ilinifikia mikononi kabla sijajua kwamba niko peke yangu. Alicheza chuoni kwao, anasema. Muda kidogo akaangalia saa, akaaga, akatoka mbio.

Terry. Wa ofisini, kampuni ya bima. Anarusha mpira kama anayetupa taka dirishani. Lakini ana gari.

Narudia. Ana gari.

Jumamosi, 16 Januari

Kamati imekaa. Kamati ni sisi watatu: Kocha Augustine, Damaris na mimi, Nasimiyu, kapteni. Augustine ni Mganda, dereva wa basi la shule. Ni yeye aliyetuombea ule ukumbi wa michezo siku za Ijumaa, na amekuja leo kutoka Industrial Area anakolala, shati limepigwa pasi mpaka linakata. Damaris yuko mapokezi hotelini. Uwanjani ndiye mgawa mipira wetu, na ulimi wake una mbio kuliko miguu. Tulikaa nje ya duka la karak, chai nzito ya maziwa ya huku, vikombe vya karatasi, upepo wa baridi kidogo.

Damaris akaanza. Chebet. Urefu haufundishwi, mengine yote yanafundishwa. Nikasema Jennifer. Akili ya mchezo nayo haifundishwi. Akasema Jennifer hana Ijumaa, bosi wake humtoa siku akijisikia, na kumchagua mtu wa namna hiyo ni sawa na kuolewa na mtu uliyemwona kwenye simu tu. Nikasema Chebet bado hajaambiwa kwamba mpira ni wa mviringo. Akasema atamwambia yeye mwenyewe. Tukaendelea hivyo mpaka chai ikapoa.

Augustine akakumbusha kwamba Terry ana gari. Mwaka jana tulipoteza mechi mbili kwa sababu wasichana wetu wanaoishi mbali, Wakra, walikuwa bado kwenye basi. Tukanyamaza kidogo kwa heshima ya gari.

Halafu akatuangalia, huyu kisha huyu, akasema kwa ile sauti yake ya Kampala isiyo na haraka: "Banange, mimi naona kitu. Nyabo Damaris anataka Chebet, na Chebet atacheza pale Nasimiyu anacheza. Nasimiyu anataka Jennifer, na Jennifer atacheza pale Damaris anacheza. Hii ni drafti ama ni kesi ya shamba?"

Damaris akaniangalia. Mimi nikaagiza karak nyingine ambayo sikuitaka.

Jumatatu, 18 Januari

Nimekasirika. Ubaya ni kwamba Augustine hakukosea.

Nina miaka thelathini na nne. Goti langu la kulia linatabiri hali ya hewa, na hapa hali ya hewa ni ile ile. Pale chini ya kikapu ndipo ninapojulikana. Kazini mimi ni "Sister" tu, yeyote anaweza kuwa Sister. Uwanjani mimi ni Nasimiyu. Damaris naye vile vile: siku sita anatabasamia watu wenye masanduku, siku ya saba ndiyo anapiga kelele. Tulianzisha hii timu wawili sisi, kwenye uwanja usio na nyavu. Sasa kila mmoja anamtafutia mwenzake mtu wa kumrithi. Na eti ni kwa faida ya timu.

Hajanipigia. Kawaida hunipigia jioni kunisimulia wageni.

Aliyepiga ni Rodney, kocha wa Chui. Wao wanachagua wa pili, baada yetu. Sauti ya asali. Kapteni, nakushauri kama ndugu yako, mchukueni Chebet. Sasa kwa nini anishauri? Ina maana anamtaka Jennifer. Au anajua nitafikiri hivyo, kwa hiyo anamtaka Chebet. Au anajua kwamba nitajua kwamba anajua... Nimempima mzee mmoja joto mara mbili mfululizo. Akaniuliza kama yuko hatarini.

Jumatano, 20 Januari

Damaris amepiga. Hakuna salamu ndefu. Kasema kama kweli namtaka Jennifer, twende tukamwulize huyo bosi wake, badala ya kugombania Ijumaa ambayo hatujaiona. Nikasema twende. Akasema haya. Nikasema haya. Kisha akaniambia kuna mgeni aliyeomba mto wa ngamia. Alimaanisha nini, hata yeye hajui. Tumecheka.

Jennifer ameulizwa kwanza kama tunaweza kwenda, na ameomba ruhusa ya kupokea wageni. Kesho jioni.

Alhamisi, 21 Januari

Nyumba kubwa, ukuta mrefu, ndege zinapita juu ya paa karibu uzisome nambari. Tuliingizwa sebule ya akina mama. Tende, kahawa ya iliki. Mwenye nyumba anaitwa Umm Dana, mwanamke wa makamo, macho makali, simu mbili. Alikaa wima kabisa. Jennifer alisimama mlangoni na birika mkononi, haangalii upande wetu.

Nilianza kwa Kiingereza. Nikaona uso wake unazidi kufunga. Kumbe alidhani tumekuja kumtorosha Jennifer tumpeleke kazi nyingine! Damaris akaona aokoe jahazi kwa Kiarabu. Sasa Kiarabu cha Damaris chote ni cha mapokezi. Alitaka kusema tunamwomba Jennifer kwa ajili ya mchezo tu. Alichosema, tulivyotafsiriwa baadaye, ni kwamba tunaomba chumba cha Jennifer, cha watu wawili, kwa usiku mmoja, pamoja na kifungua kinywa.

Umm Dana alicheka mpaka akashika shela yake. Jennifer naye akaficha uso nyuma ya birika. Baada ya hapo mazungumzo yakaenda yenyewe.

Mchana wa Ijumaa haiwezekani, akasema. Ukoo mzima wa mume wake huja kula baada ya sala. Vyombo huisha kama saa tisa hivi. Baada ya hapo, sawa. Nikauliza, kila Ijumaa? Akafikiri. Kila Ijumaa, inshallah.

Kisha akageuka mlangoni akamwuliza Jennifer: wewe mwenyewe unataka?

Nilitamani zulia linimeze. Siku zote hizi tunabishana tumchague, tusimchague, ana Ijumaa, hana — na hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza hilo.

"Nataka, madamu," Jennifer akasema. Tena haraka.

Alitusindikiza mpaka getini. Hapo ndipo alipoongea zaidi kuliko siku zote. "Nisiwadanganye," akasema. "Siku wageni wakizidi, sitakuja, na sitaweza kuwapigia. Lakini nikija, nitacheza."

Kwenye teksi Damaris alikuwa anahesabu kwa vidole. Mechi zinaanza saa nane. Jennifer anaachiliwa saa tisa. "Kwa hiyo," akasema, "chaguo la kwanza la ligi nzima, tunachukua nusu ya mtu."

Nikamwambia nusu ya Jennifer ni zaidi ya Terry mzima. Dereva akauliza Terry ni nani.

Ijumaa, 22 Januari

Mazoezi. Chebet amekuja bila kuitwa, katoka zamu moja kwa moja, sare iko kwenye mfuko wa plastiki. Akasema anataka kujifunza, kama hatujali. Mimi nilijitolea kumfundisha. Niseme ukweli wa humu ndani: nilitaka kuona ubovu wake kwa karibu, ili nipate la kusema kwenye kamati.

Nikamwonyesha namna ya kugeuka ukiwa umempa adui mgongo. Mguu mmoja unabaki chini kama msumari, bega linadanganya kushoto, mwili unakwenda kulia. Mara ya kwanza alijikwaa. Mara ya pili alinikanyaga. Mara ya tatu alinifanyia mimi. Nilidanganyika kabisa — kwa bega langu mwenyewe! Nilipogeuka alikuwa ameshaweka mpira ndani na anaomba radhi.

Tulicheza mpaka mlinzi wa shule akaja na funguo. Kila nilichompa alikirudisha kimeongezeka. Akaniuliza, bila ubaya wowote: dada, na hilo goti unarukaje? Nikamwambia siruki, nawafanya wengine wafikiri nitaruka. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeandika kitu kichwani.

Nimerudi nikiwa na furaha ya ajabu. Nusu ya njia ndipo nikaelewa. Huyu mtoto nikipewa miezi sita, hakuna atakayenikumbuka chini ya kikapu kile. Na bado nilikuwa natabasamu kwenye basi kama mwehu.

Jumapili, 24 Januari

Kamati ya pili. Imeharibika kuliko ya kwanza.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilifungua mdomo kusema Chebet. Damaris akaniwahi: Jennifer.

Nikasema hapana, Chebet. Akasema ngoja, si wewe ndiwe uliyekuwa unamtaka Jennifer? Nikasema ndiyo, na wewe Chebet. Akasema amebadilisha mawazo, alimwona Jennifer pale mlangoni na birika. Nikasema mimi nimemwona Chebet akigeuka. Akasema Jennifer akiingia timu itapumua. Nikasema Chebet akiingia nitapumua mimi. Akasema goti langu bado ni zima. Nikasema na yeye bado ana mbio. Tukasifiana kwa hasira mpaka mwenye duka akatoka kuangalia kuna nini.

"Usinihurumie, Nasimiyu," Damaris akasema. Sasa hakuwa anatania. "Nikitoka, nitatoka mwenyewe. Sitaki kuachiwa kiti kama mjamzito."

"Na mimi nani kakwambia nataka kiti chako?"

Augustine aliweka paji la uso juu ya meza. Alipoinua kichwa alikuwa na alama ya kikombe. Akasema juma lililopita tulikuwa tunalinda nafasi zetu, leo tunagombania kuzitoa, na katika majuma yote mawili hajasikia mtu akitaja timu. Yeye kesho ana watoto wa kuchukua alfajiri. Kapteni ataamua siku yenyewe. Khalas, basi.

Kapteni ni mimi. Nilitaka kuuliza kama kuna mwingine.

Jumanne, 26 Januari

Rodney tena. Sasa ananishauri Jennifer, kama ndugu.

Nimemwambia tumeshaamua ni Terry. Akaniuliza mara tatu kama nimesema Terry. Nimeishi vizuri siku nzima.

Ijumaa, 29 Januari

Drafti. Mkahawa wa Wahabeshi, juu ghorofani, baada ya kanisa, maana hapa hata sisi Wakristo tunasali Ijumaa. Watu bado na nguo za ibada. Mwenyekiti wa ligi ni Sista Cherotich, matroni mstaafu asiyestaafu, ana filimbi hata akila. Akasoma kanuni zote. Akasoma na zile zilizofutwa.

Chebet alikuwapo, ameketi ukutani, magoti yamefika kifuani. Terry alikuwapo na shati jipya. Jennifer hakuwapo. Ijumaa, mchana, vyombo.

Cherotich akapuliza filimbi. "Korongo. Wa kwanza."

Niliposimama nilikuwa bado sijui. Huu ndio ukweli. Nikamwangalia Damaris, akaangalia dari. Nikamwangalia Augustine, akaangalia mkate wake wa injera. Basi nikajiuliza kuhusu ile timu ambayo Augustine hajasikia tukiitaja: sisi tulishindwa kwa nini? Si ufupi. Tulishindwa kwa sababu mpira ukifika katikati hakuna anayejua unakwenda wapi. Chebet atakuwa mchezaji mwakani, na mchezaji kweli. Lakini nani hapa ana mwakani? Mikataba yetu yote ni ya watu wengine. Mwakani ni neno la kuazima.

Na kuna lingine. Rodney asingekwenda kunywa kahawa kwa Umm Dana. Hakuna ambaye angekwenda. Tusingemtaja sisi, Jennifer angebaki mtu aliyekuja siku moja na viatu vya kuazima, akatupita, akaondoka.

"Jennifer," nikasema.

Mtu wa meza ya nyuma akauliza kwa sauti kama inaruhusiwa kuchagua mtu asiyekuwapo. Kicheko. Cherotich akaangalia kanuni, akasema haikatazwi. Rodney hakungoja filimbi, aliruka — Chebet! — na mkono wake ukaingia kwenye sahani ya mchuzi wa dengu. Kwa hiyo alimtaka Chebet siku zote. Au alifurahi tu kwamba si Terry.

Chebet alipopita kwenda meza ya Chui alisimama mbele yangu. "Dada, asante kwa ile ya kugeuka," akasema.

Zamu zikazunguka. Tulipofikiwa tena alikuwa amebaki Terry na watatu ambao hata wao walishangaa kuwapo. Tukamtaja Terry. Alisimama kwa furaha kubwa kiasi kwamba niliona haya kwa yote niliyoyaandika hapa juu. Akaahidi kujifunza. Kisha akatuendesha wote mpaka nyumbani, kiyoyozi kinafanya kazi, muziki wa taratibu. Augustine kiti cha mbele, anagusagusa dashibodi kama mtu wa jangwani aliyeona ziwa.

Tulipofika rondabauti Damaris akanigeukia. Halafu: "Haya. Nikae benchi kwa ajili ya nusu ya mtu."

Nikasema nusu ya kwanza ni yake.

Akageukia dirisha. Akasema anajua hesabu, asante.

Jumatatu, 1 Februari

Nimempata Jennifer kwa simu. Nikamwambia ni Korongo. Nikamwambia alitajwa wa kwanza.

"Wa kwanza wa timu yenu?"

Nikamwambia wa kwanza kabisa. Kabla ya wote.

Nilisikia maji yanatiririka. Akasema ngoja nifunge bomba. Akafunga. Kisha akaniomba niseme tena.

Jumanne, 9 Februari

Sikukuu ya michezo ya hapa nchini, maofisi yote yamefungwa, kila mtu amevaa raba hata asiyetembea. Familia ya Umm Dana imekwenda kutembea ufukweni na kumwacha Jennifer huru asubuhi nzima. Tumempata mzima! Sio nusu!

Sijui nielezeje. Pasi zake zinakuja na maagizo ndani. Ukiipokea unajua cha kufanya. Hata Terry alifunga mara mbili, mara ya pili kwa makusudi. Augustine alijaribu kuwaweka Jennifer na Damaris uwanjani pamoja. Wote wawili wanataka mpira, wote wawili wanaelekeza watu, mimi katikati nikawatii wote na kwenda pabaya. Akapiga makofi, akasema basi, hii jikoni ni ya mpishi mmoja.

Lakini wakati wa maji niliwaona wamekaa chini ukutani. Jennifer anauliza, Damaris anajibu kwa mikono. Nikasogea kama natafuta taulo. Alikuwa anamweleza habari zangu. Kwamba nikiinua kidole kimoja nadanganya. Kwamba mpira wangu uje juu, upande wa kushoto, kwa sababu kulia goti linachelewa na sitakubali kamwe kulisema. Mambo ya miaka mitano. Alikuwa anayakabidhi moja moja, bila haraka, kama mtu anayemwonyesha mpangaji mpya taa ipi inawashwa wapi.

Jennifer anamwita nyabo, yaani bibi, kwa heshima ya kwao. Damaris anajifanya hapendi.

Ijumaa, 12 Februari

Naandika benchini. Goti lina barafu. Augustine akiniona na daftari atanitupa nje, lakini nisipoandika nitakula kucha.

Mechi ya kwanza. Chui. Mungu ana utani wake.

Robo mbili nzima nimemlinda Chebet. Niseme nimemtazama Chebet. Majuma mawili na Rodney na tayari anadunda. Mara ya kwanza alinigeuka kwa ile ile — mguu msumari, bega kushoto. Nilijua inakuja. Nilijua kuliko mtu yeyote ndani ya ukumbi huu. Bado nilikwenda kushoto. Alipofunga aliniangalia kwa haraka, kama mwanafunzi anayemwangalia mwalimu, na mimi, mjinga, nikamwinulia dole gumba. Rodney aliona. Augustine pia aliona.

Damaris amecheza mechi ya maisha yake. Naapa. Amekimbia kama anadaiwa. Wasichana wa Wakra wamefika mapema, wote, kwa gari la Terry. Tuko nyuma kwa pointi sita tu. Mwaka jana saa hizi ilikuwa ishirini.

Mapumziko. Saa tisa imepita. Jennifer hayupo.

Robo ya tatu imeanza. Mimi nje. Nane sasa.

Damaris kila akipata nafasi anaangalia mlango. Sote tunaangalia mlango. Nimeanza kusikia maneno ya getini siku ile: wageni wakizidi, sitakuja. Leo ni Ijumaa ya kwanza tu. Mtu wa benchi la Chui amesema kwa makusudi nisikie: chaguo la kwanza liko jikoni. Nimekaza barafu. Sitajibu. Ningejibu ningesema kwamba nilijua, na ningemtaja tena.

Mlango!

Jennifer. Mikono bado ina maji mpaka viwikoni. Nyuma yake wanawake wawili wa abaya nyeusi: Umm Dana mwenyewe na bibi mzee mwenye fimbo. Augustine amekimbia kuwatafutia viti na vilivyopatikana ni vya watoto wa darasa la kwanza. Umm Dana ameketi kando yangu, magoti juu, wima vile vile. Ameuliza sisi ni rangi gani. Nimemwonyesha. Ameuliza kama tunashinda. Nimemwambia bado. Bibi amesema kitu, Umm Dana akatafsiri: bibi anauliza kwa nini mimi nimekaa.

Jezi ya Jennifer haijaletwa na fundi. Amesimama na fulana yake ya nyumbani, Cherotich anatikisa kichwa, bila namba haingii. Augustine ameomba muda. Bado anafikiri amtoe nani, anatuangalia mmoja mmoja, na kabla hajafungua mdomo Damaris ameshavua jezi kupitia kichwani. Amebaki na ile nyeusi ya ndani. Jezi ameikung'uta mara moja, akampa Jennifer. Imelowa jasho. Jennifer ameivaa hivyo hivyo.

Damaris amekuja kukaa hapa, upande wangu wa pili. Anahema. Amenyoosha mkono, anataka barafu. Hana jeraha lolote, nimemwangalia kwa jicho la kazi. Nimeigawa, nimempa kipande. Amekiweka juu ya goti ambalo halina shida, anaangalia mbele.

Wameanza tena. Jennifer amenyang'anya mpira mara moja tayari, bibi amegonga fimbo sakafuni. Sita. Terry amekosa. Mpira kwa Chui. Umerushwa kwa Chebet, pale pale, mahali pangu, na hana mtu wa kumlinda, lakini Jennifer ameshafika. Anamfikia begani tu. Chebet amempa mgongo. Mguu chini.

"Atakwenda kulia," Damaris ananong'ona.

Nimemwambia Jennifer hajui. Hakuna aliyemwonyesha.

"Nilimwonyesha," Damaris anasema, na bega la Chebet linaanza kwenda kushoto, na Jennifer haendi nalo.